"Smoky" au "smoke-filled"? Kuchagua neno la Kiingereza kwa chumba chenye moshi

Kwa Kiswahili moshi hautusumbui. Chumba kina moshi, kimejaa moshi, kimetanda moshi, kinafuka moshi: kitenzi ndicho kinachobeba tofauti, na msikilizaji anaipata palepale. Kiingereza kazi hiyo kimeigawia vivumishi, navyo vinafanana kama ndugu wa tumbo moja: "smoky", "smoke-filled", "smoking", "smoked". Vyote vimezaliwa na "smoke", yaani moshi. Hata hivyo "smoky kitchen" na "smoke-filled kitchen" hazielezi hali moja, "smoking room" si chumba kinachofuka, na "smoked glass" ni kioo ambacho pengine hakijawahi kuonja moshi.

Anayeandika ripoti, anayetafsiri habari, anayefundisha sekondari na hata anayelalamika mapokezi ya hoteli anahitaji kujua alichukue lipi. Makosa mengi katika maandishi yetu ya Kiingereza hayatokani na kutojua maana ya moshi. Yanatokana na kuichukua "-enye moshi" na kuitafutia neno moja litakalofaa kila mahali. Neno hilo halipo.

"Smoke-filled": moshi umejaa, na umejaa sasa hivi

Tuanze na hili kwa sababu maana yake ni finyu. Limeungwa kwa vipande viwili, "smoke" na "filled", iliyojazwa, na linadai mambo matatu kwa pamoja. Pawe na nafasi yenye mipaka inayoweza kujazwa: chumba, korido, ngazi za ghorofa, handaki, hema, baa, sehemu ya abiria ndani ya ndege. Moshi uwe mwingi kiasi cha kuonekana kwa macho. Na uwepo wakati huo unaoelezwa, si jana, wala si kwa kawaida tu.

Habari za moto ndiko neno hili linakofanya kazi yake vizuri kuliko kwingine kokote. "Firefighters crawled along a smoke-filled corridor": askari wa zimamoto walitambaa kwenye korido iliyojaa moshi. Kutambaa huko kuna sababu. Moshi unaotoka kwenye moto ni wa joto, hupanda hadi kugonga dari, hutandaa, kisha tabaka lake huanza kushuka taratibu. Hewa inayovutika hubaki chini, karibu na sakafu. Msomaji wa Kiingereza akiona "smoke-filled" picha hiyo yote inamjia: mlango hauonekani, koo linawaka, dakika zinahesabika. Ukiandika "a smoky corridor" mahali hapo, hatari imeshuka ikawa kero. Sarufi haina kosa, ila habari imepungua.

Hali ni hiyo hiyo ukitafsiri kuja Kiswahili. Matangazo ya usalama hotelini humwambia mgeni abaki chumbani iwapo korido ni "smoke-filled", afunge mlango na kuziba upenyo wa chini kwa taulo lililoloweshwa. Mfasiri asiandike "korido yenye moshi". Aandike "korido iliyojaa moshi", kwa sababu "yenye moshi" inamwachia mgeni nafasi ya kujiambia kwamba moshi kidogo haumzuii mtu kukimbilia ngazi.

Kwa kuwa "filled" tayari imefika ukingoni, neno hili halipendi kuongezewa kipimo. "Very smoke-filled" na "more smoke-filled" zinakwaruza sikio la mwenye lugha, kama vile sisi tusivyosema ndoo "imejaa zaidi" ikiwa maji yanamwagika. Ukitaka kuzidisha, badilisha maneno: "thick with smoke", moshi mzito uliotanda. Ukitaka kupunguza, rudi kwenye "smoky", ambalo linapokea vipimo bila shida: "a bit smoky", "rather smoky", "smokier", "smokiest".

Nje ya kuta nako hutumika, lakini kwa masharti. Wanaoripoti moto wa misitu huandika "smoke-filled skies" au "a smoke-filled valley", wakilichukua anga au bonde kama chombo. Hilo limekubalika. Uwanja ulio wazi, mtu anachoma takataka na upepo unavuma, hauwezi kuwa "smoke-filled", kwa kuwa moshi haukai. Hapo sema unavyokwenda: "smoke was drifting across the field".

"Smoky": tabia ya mahali, na mengine mengi

"Smoky" ni pana. Linaweza kushika mahali, kushika chanzo cha moshi, kushika harufu na ladha, hata kushika rangi na sauti ya mtu. Upana huo ndio unaowafanya wengi walitumie kila mahali, na ndio unaolifanya liwe hafifu pale panapotakiwa nguvu.

Chukua jiko la kuni la nyumba ya kijijini. Mafiga matatu, kuni za mchanganyiko, dirisha dogo kama lipo. Kenchi zimekuwa nyeusi na zinang'aa kwa masizi, utando wa buibui umegeuka nyuzi nyeusi zinazoning'inia, na nguo ya anayetoka humo inanuka moshi hadi barabarani. Saa tano asubuhi, moto umeshazimwa na hakuna hata uzi wa moshi hewani, jiko hilo bado ni "a smoky kitchen". Ni tabia yake. Saa kumi na mbili jioni, kuni ni mbichi, mvua imenyesha, upepo unaurudisha moshi ndani, mpishi anafuta machozi kwa upindo wa kanga: sasa ni "a smoke-filled kitchen". Ni tukio.

Tofauti hiyo ina uzito katika ripoti za nishati safi ya kupikia, ambazo zinaandikwa kwa wingi Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2, na sehemu kubwa ya uchafu huo hutoka kwenye kuni, mkaa, samadi, mabaki ya mazao na mafuta ya taa. Anayesema kwa jumla kwamba kina mama hupikia katika majiko ya aina hii kwa miaka mingi anahitaji "smoky kitchens", maana anazungumzia maisha ya kila siku. Anayeeleza alichokikuta siku ya ziara, moshi ukiwa umetanda kiasi kwamba mtoto mgongoni haonekani vizuri, anahitaji "smoke-filled". Ripoti inayotumia "smoke-filled" kila mahali inafanya msomaji adhani nyumba zote zinawaka, na baada ya kurasa mbili neno linaacha kumgusa.

Hapohapo jikoni kuna mtego wa Kiswahili chenyewe. "Jiko" ni chumba, na "jiko" ni kile kifaa cha kupikia. "Jiko lenye moshi" linaweza kuwa lolote kati ya hivyo viwili. Kwa Kiingereza lazima uamue: chumba ni "kitchen", kifaa ni "stove". Kifaa kinachotoa moshi mwingi ni "a smoky stove" na hakiwezi kamwe kuwa "a smoke-filled stove", kwa sababu hakijajazwa, kinatoa. Vivyo hivyo moto wa kuni mbichi ni "a smoky fire", na koroboi yenye utambi mrefu mno ni "a smoky lamp". Kanuni ya kushika ni hii: kinachotoa moshi ni "smoky", kinachoupokea na kuushikilia ndani ndicho kinachoweza kuwa "smoke-filled".

Majiko banifu yameleta jozi nyingine. "Smokeless stove" ni jiko lililoundwa lisitoe moshi. "Smoke-free kitchen" ni chumba kisicho na moshi, kwa sababu ya jiko hilo au ya bomba la kuutoa nje. Lakini "smoke-free" ikibandikwa kwenye ukuta wa ofisi au mgahawa inahusu sigara tu: hairuhusiwi kuvuta hapa. Asiyelijua hilo hutafsiri kibao "eneo lisilo na moshi", na msomaji akabaki akijiuliza moshi gani. "Hairuhusiwi kuvuta sigara" inatosha.

Kwenye harufu na ladha, "smoky" haina mpinzani. "A smoky smell", harufu ya moshi. "A smoky taste", ladha yenye moshimoshi. Maziwa ya Wamasai yanaonyesha vizuri kazi ya "smoky" na ile ya "smoked". Kibuyu cha maziwa husafishwa ndani kwa kijiti kinachowaka cha mti uitwao oloirien, mzeituni wa porini, kisha majivu hukung'utwa. Kibuyu ndicho kilichofukizwa, kwa hiyo ni "smoked". Maziwa yatakayomiminwa humo hayakufukizwa, yamebeba harufu tu, kwa hiyo ni "smoky". Samaki aliyekaushwa juu ya moshi ni "smoked fish". Samaki wa kuchoma aliyekolea harufu ya mkaa anaweza kuwa "smoky" bila kuwa "smoked". Anayeandika menyu ya mgahawa akikosea hapa, mteja ataletewa kitu kingine kabisa.

Rangi na sauti tupite haraka. "Smoky grey" ni kijivu cha moshi, "smoky quartz" ni kito cha rangi hiyo, na "a smoky voice" ni sauti nzito yenye mkwaruzo mtamu, mara nyingi ya mwimbaji. Ni sifa, si lawama. Safu ya milima ya Great Smoky Mountains, kati ya majimbo ya Tennessee na North Carolina nchini Marekani, haina moshi bali ukungu wa buluu unaotanda juu ya misitu. Kuuita ukungu moshi hata sisi Wabantu tumefanya: Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi, ni moshi unaonguruma, na mwenye Kiswahili analisikia neno lake mwanzoni mwa jina hilo.

Tahajia: "smoky", bila "e" kabla ya "y". "Smokey" ni jina la mtu au la dubu Smokey Bear wa kampeni ya Marekani ya kuzuia moto wa misitu, iliyoanza mwaka 1944. Programu za kusahihisha maandishi si zote zinazolikamata kosa hili.

Mbele ya nomino au baada yake

"Smoke-filled" hupenda kukaa mbele ya nomino: "a smoke-filled room". Likiwekwa nyuma ya kitenzi, "the room was smoke-filled", halina kosa, ila linasikika kama ripoti ya polisi. Mtu anayezungumza husema "the room was full of smoke". Na kama moshi uliingia mbele ya macho yake, husema "the room filled with smoke", chumba kikajaa moshi, au "was filled with smoke". "Full of" inaeleza hali ilivyo. "Filled with" inadokeza kwamba kabla ya hapo haikuwa hivyo. Kwa mazungumzo ya kawaida, barua na ushahidi wa aliyeona, "full of smoke" ndilo chaguo letu. "Smoke-filled" libaki kwenye maandishi.

Viambatanishi hivyo havibadilishani. "Full with smoke" na "filled of smoke" ni makosa, na yanatokea kwa sababu Kiswahili hakihitaji chochote katikati: "kimejaa moshi", basi. "Smoke-full" halitumiki. "Smoked-filled" lina "-ed" moja ya ziada, nalo huonekana hata kwenye magazeti.

Kosa la kwetu hasa, ambalo Mwingereza hawezi kulifanya, ni hili: "Smoke was full in the room." Kiswahili kinaruhusu kitenzi "jaa" kigeuzwe upande wowote. Chumba kimejaa moshi. Moshi umejaa chumbani. Kilichojaa kinaweza kuwa chombo, na kinaweza kuwa kile kilichomo. "Full" ya Kiingereza hushika chombo peke yake. Moshi hauwezi kuwa "full", wala watu hawawezi kuwa "full" uwanjani, wala maji "full" mtaani. Ukitaka moshi uwe mtenda, mpe "fill": "Smoke filled the room." Wanafunzi wakielezwa mgeuko huu wa "jaa" mara moja, makosa ya aina hii hupungua hata kwenye maneno yasiyohusiana na moshi.

Kistari kile kidogo

Tazama sentensi hizi mbili kwa karibu:

The smoke-filled room was locked.
The smoke filled room was locked.

Ya kwanza inasomeka kwa pumzi moja. Ya pili inamkwamisha msomaji: anaanza na "the smoke filled", moshi ulijaza, anasubiri kujua ulijaza nini, anapewa "room", kisha ghafla anakutana na "was locked" na sentensi inamvunjikia mkononi. Inabidi arudi mwanzo. Kiswahili hakina ajali hii, kwa sababu upatanisho wa ngeli unatuongoza: "kilichojaa" ni cha chumba, "ulijaza" ni wa moshi, hata mtoto hachanganyi. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo kistari ndicho kinachofanya kazi ya "ki-" na "u-". Kikikosekana mbele ya nomino, kimekosekana kitu cha sarufi, si urembo.

Baada ya nomino, kwenye "filled with smoke", kistari hakihitajiki. Na vivumishi vikiwa vingi, "smoke-filled" huja mwishoni, karibu na nomino: "a small, dark, smoke-filled room".

Katika kulitamka, mkazo mkubwa uko kwenye "smoke". Msemaji wa Kiswahili huvutwa kuongeza irabu, "simoki-filidi", na neno la silabi mbili likawa la silabi sita. Anza na "s" ndefu kidogo kisha funga midomo kwa "m" bila kupitia "i". "K" ya mwisho isifunguke, nenda nayo moja kwa moja kwenye "f".

"Smoking" na "smoked": watu wa kazi nyingine

"Smoking" mbele ya kitu huwa na maana mbili zilizo mbali sana. Ya kwanza ni kufuka: "smoking ruins", magofu yanayofuka moshi baada ya moto, "a smoking chimney", bomba linalotoa moshi sasa hivi. Ya pili ni uvutaji: "smoking room", chumba ambacho wageni wanaruhusiwa kuvuta sigara. Mkazo wa sauti huzitenganisha. Kwenye chumba cha wavutaji hukaa juu ya "smoking" peke yake; kwenye bomba linalofuka, nomino nayo hupata mkazo wake.

Hotelini tofauti hizi zinalipiwa kwa pesa. Asiyetaka sigara huomba "a non-smoking room". Akisema "I don't want a smoky room" ataeleweka, ila atakuwa ameomba chumba kisichonuka, jambo ambalo mhudumu hawezi kulisoma kwenye orodha yake ya vyumba. Na akiingia akakuta mapazia yananuka sigara za mgeni aliyetangulia, asipige simu kusema "My room is full of smoke". Mhudumu mwenye akili timamu ataita zimamoto. Sentensi yake ni "My room smells of cigarette smoke."

"Smoked" ni kilichopitishwa kwenye moshi kwa makusudi: samaki, nyama, jibini. Kwa kioo, "smoked glass", ni rangi tu ya giza iliyotiwa kiwandani. Chumba hakiwi "smoked", isipokuwa kimefukizwa dawa ya kuua wadudu, na hata hapo neno la kitaalamu ni "fumigated".

Udi si "smoke"

Hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana kabisa. Unguja, Mombasa, Lamu au Muscat, chumba kilichofukizwa udi kina moshi, moshi unaonekana ukipanda kutoka kwenye chetezo, nguo zinafukizwa, mgeni anakaribishwa. Kufukiza ni heshima. Anayekiandika chumba hicho "smoke-filled" amemwambia msomaji wa Kiingereza kwamba bibi harusi yuko hatarini. "Smoky" ni afadhali, lakini bado inabeba uzito wa masizi na macho kuwasha. Andika harufu badala ya moshi: "a room fragrant with incense", au "scented with oud". Ukitaka moshi uonekane, utaje mwembamba na unaotembea: "a thin thread of incense smoke". Kivumishi kimoja hakitoshi kubeba utamaduni huu, na ni bora kutumia maneno manne kuliko kuudhalilisha kwa moja.

Majirani wanaochukuliwa kimakosa

"Stuffy" ni chumba chenye fukuto, madirisha yamefungwa, hewa nzito. Si lazima kiwe na moshi. "Hazy" ni utusitusi unaofifisha vya mbali, na unaweza kuwa wa moshi mwepesi, vumbi au joto. "Foggy" ni ukungu wa maji. "Smoggy" ni moshi na ukungu wa mjini vilivyochanganyika. London iliujua kwa uchungu kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, na sheria ya hewa safi ikafuata mwaka 1956. "Sooty" ni wenye masizi: kenchi za jiko letu ni "sooty" hata kama hewa ni safi. "Acrid" hueleza moshi unaochoma pua, kama wa plastiki au mpira, na hukaa na "smoke" au "smell", si na "room". "Fuggy" ni la Uingereza, chumba chenye joto, pumzi za watu na moshi wa zamani. Mfasiri alielewe, ila mwandishi wa kwetu halihitaji. Zimamoto wa Uingereza wanalo pia "smoke-logged", jengo lililolowana moshi hadi pembeni, nalo ni la ripoti za kikazi.

Pale ambapo hakuna moshi wowote

Juni 1920 chama cha Republican kilikuwa Chicago kutafuta mgombea urais. Leonard Wood na Frank Lowden walikabana koo, kura baada ya kura, hakuna aliyepata wingi unaotakiwa. Usiku wa Ijumaa tarehe 11 viongozi wa chama, wengi wao maseneta, walikuwa wakiingia na kutoka katika chumba cha hoteli ya Blackstone, sigara mkononi, wakitafuta mtu wa kuwatoa kwenye mkwamo. Kesho yake, katika kura ya kumi, aliyeteuliwa alikuwa Warren G. Harding, seneta wa Ohio, ambaye Novemba alichaguliwa kuwa rais. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani kikao kile ndicho kilichoamua. Lakini "smoke-filled room" ikaingia kwenye siasa za Kiingereza na haijatoka: mahali ambapo wakubwa wachache wanakata shauri kwa siri, kisha umma unaletewa jina.

Katika maana hiyo "smoke-filled" halibadilishani na chochote. "Smoky room" haitaleta siasa. Italeta chumba chenye moshi. Mara nyingi husemwa kwa wingi, "smoke-filled rooms", au huongezwa "back": "smoke-filled back rooms". Na moshi wenyewe hauhitajiki tena. Ireland ilipiga marufuku sigara katika sehemu za kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004, England ikafuata tarehe 1 Julai 2007, na mwaka huo huo Kenya ikapitisha sheria yake ya kudhibiti tumbaku. Kwa sababu hiyo "a smoky bar" katika maandishi ya leo huashiria zamani, mara nyingi kwa mapenzi, ilhali "smoke-filled room" katika habari za siasa huashiria leo, kwa hasira.

Mfasiri wa habari hizo achague kwa kuuliza kama kulikuwa na moshi kweli. Habari ya Blackstone ya mwaka 1920 inaruhusu "chumba kilichojaa moshi wa sigara", kwa sababu sigara zilikuwepo, mradi sentensi inayofuata ieleze usiri wake. Habari ya viongozi wa leo waliokubaliana kwa simu na ujumbe wa WhatsApp haiwezi kubeba moshi huo. Msomaji wa Dodoma au Nakuru atadhani jengo liliungua. Yapo maneno yetu tayari: waliamua "nyuma ya pazia", "walijifungia usiku kucha", "walipanga safu kabla ya kikao". Kwa kichwa cha habari, "Jina lilipikwa nyuma ya pazia" linabeba lawama yote ya Kiingereza kile. Na anayekwenda upande wa pili, kutoka "nyuma ya pazia" hadi Kiingereza, asikimbilie "smoke-filled room" kila mara: kama walioamua ni wengi, au kama kikao kilikuwa cha faragha lakini halali, "behind closed doors" inatosha na haimtuhumu mtu.